Mkeka Uliopinda

Sogeeni mbele kidogo, ndugu zangu, wa mlangoni nao wapate kivuli. Leo nawapeleka mbali, Uchina ya zamani sana.

Huko aliishi mwalimu mmoja wa hekima. Mafunzo yake yote yalisimama juu ya neno moja: adabu. Alisema mtu huwa mtu kwa adabu, kwa jinsi anavyosalimu, anavyopokea kikombe, anavyomlilia mzazi wake. Na alikuwa na jambo lake lililojulikana mji mzima. Mkeka ukiwa umepinda, haketi, hata awe amealikwa na mfalme. Huinama, akaunyoosha kwa mikono yake mpaka ulingane na ukuta, ndipo aketi. "Asiyeweza kunyoosha mkeka," alikuwa akisema, "moyo ataunyooshaje?" Watu wa sokoni wakambandika jina, Bwana Mkeka. Alilisikia, akalipenda.

Basi mwanafunzi wake mmoja akafa, akaacha mjane na binti wa miaka sita. Matanga ya watu wale hayakuwa siku arubaini. Yalikuwa miaka mitatu! Siku ya kuyaondoa, kwa desturi yao, mwalimu wa marehemu hukalishwa mahali pa heshima, chakula kikaliwa, na ukoo mzima ukatazama.

Na ulitazama kwa sababu. Kaka wa marehemu alikwisha kusema waziwazi: "Shemeji, siku nyumba ikikushinda, mtoto tunamchukua." Siku hiyo alifika mapema kuliko wote, akakaa macho hayatulii, mara paa, mara vyungu.

Mwalimu akaingia. Wali unanukia, supu ya samaki inafuka. Mama wa nyumba akamwinamia, akamwonyesha mahali pake. Mkeka mpya, umesukwa ukasukika. Lakini umepinda! Umelala mshazari, pembe moja inaelekea jikoni.

Mnacheka? Yeye hakucheka. Moyoni alimhurumia yule mama. Maskini, miaka mitatu ya kilio, hata mkeka haoni tena. Ngoja nimsaidie. Akainama kama kawaida yake, akashika pembe, akainua.

Chini hapakuwa na sakafu. Nyumba za kando ya mto ule ziliinuliwa juu ya magogo, sakafu zake mbao, na pale mbao tatu hazikuwepo. Mkeka ungenyooshwa, shimo lingebaki wazi. Mwalimu aliona matope ya chini, baridi ikampiga usoni. Akakumbuka kwamba mvua imenyesha siku tisa mfululizo na mji mzima hauna kuni kavu. Akageuza macho jikoni, kwenye moto uliokuwa ukiwaka vizuri. Akaelewa wali wake umeivishwa na kuni gani.

Akamtazama mama wa nyumba. Yule mama ameshika bakuli kwa mikono miwili, na binti amening'inia kwenye nguo yake.

"Kuna nini hapo, Mwalimu?" akauliza shemeji, ameshaanza kunyanyuka.

Mwalimu akaishusha ile pembe taratibu, pale pale ilipokuwa. Akaketi.

"Lakini Mwalimu, mkeka umepinda!"

"Umenyooka."

"Umenyooka vipi? Hata kipofu akiupapasa..."

"Bwana, kwa habari ya mikeka utanifundisha mimi? Keti. Wali unapoa."

Watu wakaangua kicheko, shemeji akaketi. Mwalimu akala mpaka mwisho, amekalia ubao wa pembeni, magoti yanaelea juu ya shimo, baridi inampanda. Akasifu supu mara mbili. Alipoaga, akasema mbele ya ukoo: "Nimeingia nyumba nyingi. Yenye adabu kama hii sijaiona." Binti akabaki kwa mama yake.

Sasa asije mtu akaniuliza nje kama mwalimu alisema uongo. Kamuulize yule mama.

Na sisi? Sisi tuna mikono myepesi. Tukialikwa, jicho linatangulia kutafuta kilichopinda. Mwenzetu kachelewa kumleta mwanawe chuo cha Kurani, tunamnyoosha. Jirani haonekani kwenye shughuli za mtaa, tunamnyoosha, tena mbele za watu, na tunasema ni nasaha. Nani kati yetu huuliza kwanza, chini ya mkeka kuna nini? Adabu isiyojua kusitiri ni ukali tu, uliofuliwa ukapigwa pasi.

Msidhani nawasema nyinyi. Ijumaa iliyopita nilisimama hapa hapa, nikasema nyoosheni safu. Mzee mmoja alikuwa amejibanza kwenye nguzo ile, kaupa mgongo ukuta. Nikamwita kwa kipaza sauti: wewe mzee, toka huko, ingia kwenye safu. Akatoka. Kanzu yake ilikuwa imechanika mgongoni, toka begani mpaka kiunoni. Nyote mliiona. Safu ikanyooka, nami nikafurahi.

Leo nimeitazama nguzo ile tangu nilipoingia. Hayupo. Tukimaliza swala, anayepajua kwake anipeleke.