Kesi ya Wenye Msitu

Hapo zamani, zama ambazo watu walikuwa wachache na maneno yao mengi, palikuwa na mji uitwao Mbarakani, na katika mji huo aliishi fukara mmoja jina lake Shaibu. Jina hilo watu walikwisha kulisahau. Walimwita Makapi kwa sababu, walisema, ukiyapepeta maneno yake ya siku nzima hupati punje tatu. Kazi yake ilikuwa kusuka vikapu. Lakini kikapu humtaka mtu anyamaze na kuangalia mikono yake, naye Makapi kunyamaza hawezi. Basi vikapu vyake vilitoka vimepinda upande kama shavu la mtu mwenye jino bovu, na wanunuzi wakavikimbia.

Mwenyewe hakujiona fukara, alijiona mwanahekima. Kila alasiri alikwenda kukaa barazani karibu na soko, akamfunulia kila mpita njia mambo makubwa ya dunia: haki ni kitu gani, mtawala ni nani, na mtu ana wajibu gani kwa watu asiowajua. Alikuwa akisema, "Hekima ni kama maji ya kisima cha mji, ni haramu kuifungia nyumbani." Mkewe, Mwanatumu, aliwaeleza majirani sababu ya kweli. "Haifungii nyumbani," alisema, "kwa kuwa nyumbani hana wa kumsikiliza."

Basi ikawa mwaka ule Sultani Mahfudhi, mtawala wa Mbarakani, aliingiwa na tamaa ya kujenga jumba jipya lenye nguzo mia, na nguzo hizo akazitaka zitoke katika msitu ulio juu ya mji. Sasa chemchemi inywewayo na mji mzima ilitoka chini ya msitu huo huo. Wazee walilijua hilo, wanawake wenye mitungi walilijua, na Sultani naye alilijua, ila alikuwa akilitazama kwa jicho moja. Nani wa kumwambia? Watu walitikisa vichwa, kila mtu akamngoja mwenziwe aseme, na mafundi wakaanza kunoa mashoka.

Alasiri moja Makapi alipata wasikilizaji sita, idadi ambayo hakupata kuiona tangu aanze kufundisha, na jambo hilo likamlevya. Akasimama, akasema, "Enyi watu! Msitu ule si wa Sultani, wala si wetu sisi. Hatukuupanda, tumeukuta. Msitu ule una wenyewe, na wenyewe hawajazaliwa bado. Sisi na Sultani wetu ni wageni tu, na mgeni hachomi kitanda cha mwenyeji wake kwa kuwa amesikia baridi!"

Maneno yalipendeza. Yeye mwenyewe yalimpendeza kuliko wote, akayarudia mara mbili. Alipoanza mara ya tatu aliona wasikilizaji wamekuwa wanane, na hao wawili waliozidi walikuwa askari.

Akapelekwa mbele ya Sultani, na hekima yote imemtoka njiani. Sultani alikuwa ameketi kitini pake, na kuume kwake amesimama Waziri Fakihi, mtu mwenye ndevu ndefu na subira fupi.

Sultani akasema, "Ewe Makapi, nimesikia kwamba msitu wangu una wenyewe."

"Bwana wangu, yale ni maneno ya barazani tu. Mimi hata vikapu vinanishinda."

"La, ni maneno mazuri, nami ni mtawala mwenye haki. Ni nani hao wenyewe?"

Makapi akautafuta uongo asiuone. "Ni hao ambao hawajazaliwa, Bwana wangu."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Sultani akainua mkono, watu wakanyamaza. "Vyema," akasema. "Sheria ya mji huu waijua: mwenye malalamiko husimama mbele yangu kwa mwili wake. Basi nakupa hadi Ijumaa. Niletee hao wasiozaliwa, waingie katika ukumbi huu nami niwaone. Wakija, shoka halitagusa mti mpaka nisikie kesi yao na kuhukumu. Wasipokuja, wewe ndiwe utakayepiga shoka la kwanza, na magogo yote, la kwanza hadi la mwisho, utayateremsha kwa bega lako."

Makapi akaliangalia bega lake, ambalo tangu kuumbwa halikupata kubeba kitu kizito kuliko kanzu, akalihurumia.

Alipofika kwake alimkuta Mwanatumu anapeta mchele, na habari imekwisha kumfikia. "Mume wangu," akasema, "siku zote ulikuwa ukinung'unika kwamba hakuna anayekusikiliza. Leo kakusikiliza Sultani mzima. Wasikitika nini?"

Siku mbili Makapi alifikiri, na mawazo yake yalikuwa kama vikapu vyake. Alifikiri aende na viti vitupu. Alifikiri aandike majina ya watu wa baadaye katika karatasi, akakumbuka kwamba hajui kuandika. Siku ya tatu akajitupa mkekani akalia, "Loo! Mtu atawapata wapi watu wasiozaliwa?"

Mwanatumu akauweka ungo chini, akajishika kiuno, maana alikuwa na mimba ya miezi saba, akamtazama mumewe kwa muda mrefu kama mtu amtazamaye mbuzi aliyekwama kichwa ndani ya chungu. "Njoo," akamwambia. "Weka mkono hapa."

Makapi akaweka mkono tumboni mwa mkewe. Likaja teke.

"Huyu amezaliwa?"

"Bado."

"Yupo, au hayupo?"

"Yupo," akasema Makapi, na macho yakamtoka.

"Basi chukua mtungi ukateke maji, mimi nimechoka."

Kufika kwake chemchemini, Makapi alikuwa na yakini kabisa kwamba wazo lile lilitoka katika kichwa chake mwenyewe, na njiani alikwisha kuwaeleza watu watatu jinsi lilivyomjia.

Ijumaa baada ya sala ukumbi ulijaa. Wakaingia wanawake kumi na tisa, wote wajawazito, Mwanatumu akiwa mmoja wao, polepole, kila mmoja na mkono mgongoni, na askari wa mlangoni wasithubutu kumzuia hata mmoja. Mbele yao alitangulia Bi Kidawa, mkunga mkongwe aliyeipokea nusu ya mji kwa mikono yake miwili.

Makapi akainama. "Uishi sana, Bwana wangu. Uliniamuru niwalete wasiozaliwa. Hawa hapa. Wapo, na hawajazaliwa."

Waziri Fakihi akajitokeza mbele. "Bwana wangu, huu ni mzaha! Tutajuaje kama wana malalamiko?"

Bi Kidawa akasema, "Njoo uweke mkono, mwanangu, uwasikie wanavyolalamika. Nawe nilikusikia vivi hivi tumboni mwa mama yako, na hata wakati huo ulikuwa msumbufu."

Watu wakacheka, na Waziri akakasirika. Akawageukia wanawake, akapaza sauti, "Enyi mliomo matumboni! Je, mwaukataa ujenzi wa Sultani? Semeni!" Akangoja. Kukawa kimya. "Mwaona? Kimya ni ridhaa. Wameulizwa, wamenyamaza, wameridhia. Bwana wangu, mashoka yaende kazini."

Katika muda wote aliokuwa akijisifu, Makapi hakupata kulifikiria jambo hili. Akamtazama mkewe, mkewe akatazama dari. Akaona magogo yanashuka mlimani, moja baada ya moja, juu ya bega lake. Kwa kukosa la kusema, akaomba, "Bwana wangu, nami niwaulize."

"Waulize."

"Enyi mabwana na mabibi mliomo matumboni! Je, mwataka Waziri Fakihi anyolewe ndevu zake leo, hapa hapa, mbele ya hadhara?" Kukawa kimya. Makapi akainama tena. "Bwana wangu, wameridhia."

Waziri akazishika ndevu kwa mikono miwili. "Hawajui wanachoulizwa! Hawa hawajapata kauli!"

"Ahsante, Waziri. Asiye na kauli hajakubali wala hajakataa. Basi na tungoje wapate kauli. Bwana wangu alisema shoka halitagusa mti mpaka asikie kesi yao."

Sultani akakunja uso. "Tungoje hadi lini?"

"Wakue, Bwana wangu. Yapata miaka ishirini."

"Na baada ya miaka ishirini?"

Makapi akawatazama wale wanawake. "Naona patakuwa na wajawazito wengine, Bwana wangu. Nao watakuwa na watu wao katika kesi hii."

Hapo uso wa Sultani ukawa mweusi, kwa maana aliona neno lake mwenyewe limemfunga. Waziri akaliona hilo, akasema upesi, "Bwana wangu, wakili lazima awe mwaminifu. Makapi na aape kwamba yeye hajapata kuharibu chochote cha hao anaowatetea. Asipoapa, kesi na ifutwe."

Makapi akainua mkono wa kuume, akafungua kinywa. Mwanatumu akakohoa, kikohozi kidogo tu. Mkono ukashuka.

"Bwana wangu," akasema, na sauti haikuwa ile ya barazani, "mwaka niliozaliwa baba yangu alipanda mfenesi nyuma ya nyumba. Alikufa hajaonja hata fenesi moja. Mimi nililila tunda lake miaka yote. Mwaka juzi nikaona uvivu kwenda kutafuta kuni, nikaukata. Watu nikawaambia umeangushwa na upepo. Huyu aliye tumboni mwa mke wangu atakuta kisiki. Siwezi kuapa. Mimi ni mwizi niliyekuja kumshtaki mwizi mwenzangu."

Watu wote wakamgeukia Sultani. Ndipo Makapi naye akasikia alichokisema, na ni nani aliyemwita mwizi mwenzake. Akajishika shingo.

Sultani Mahfudhi alianza kutikisika mabega. Watu wakadhani ni ghadhabu, wakarudi nyuma. Lakini kilikuwa kicheko, akacheka hata kilemba kikamlalia sikioni, akacheka peke yake muda mrefu, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumsaidia. Kisha akakoma, akamwangalia Bi Kidawa. "Wao huko walipo, husikia tunayosema?"

"Husikia, Bwana wangu."

Sultani akakiweka kilemba sawa. "Mtu aliyeiba mfenesi mmoja ameona haya mbele ya watu hawa," akasema. "Mimi nilikuwa nataka kuchukua msitu mzima, na nguzo mia nimezitakia nini, mimi ninayelala chumba kimoja? Kesi imeahirishwa mpaka wenye msitu wapate kauli. Rudisheni mashoka."

Kisha akaamuru Makapi apewe joho la heshima na jembe. Joho alivae siku za Ijumaa, na jembe alishike siku zilizobaki, mpaka awe amepanda mfenesi mmoja kwa kila mlalamikaji, kumi na tisa jumla. Makapi akauliza kwa adabu kama siku hizo haziwezi kubadilishana. Akaambiwa haziwezi.

Ikawa kila mwaka siku ile kesi huitwa, wajawazito wa mwaka huo huingia ukumbini, huulizwa kama wana la kusema, hunyamaza, na kesi huahirishwa. Miaka ishirini ilipotimia aliitwa Zuwena, binti wa Makapi, awe wa kwanza kutoa kauli. Aliingia mwenyewe na mkono mgongoni, maana alikuwa na mimba ya kwanza. Sultani, ambaye sasa alikuwa mzee na meno machache, akamwuliza, "Haya, mwanangu, sema. Msitu tuufanye nini?"

Zuwena akajibu, "Bwana wangu, mimi nimekwisha kuufaidi. Mngoje huyu."

Makapi alipozisikia habari hizo barazani alisimama na joho lake, akawatangazia watu kwamba jibu lile alimfundisha yeye. Zuwena hakumkanusha baba yake. Ila aliwaambia shoga zake kwamba siku zote baba alipoanza kufundisha, yeye alikuwa akipitiwa na usingizi. Nami nilivyoisikia ndivyo nilivyoieleza. Aliyesikia vingine na akae barazani, naye aseme.