Kwa Nini Kapteni Huanguka Kwanza

Kulikuwa na wakati, barafu ikiwa bado jambo geni Nairobi, ambapo timu ya wasichana ya magongo ya barafuni pale chuoni ilikuwa na watu sita. Sita, ukimhesabu na kipa.

Kipa ndiye aliyekuwa kapteni. Aliitwa Kerubo, mwanafunzi wa uhandisi mwaka wa tatu, na mdomo alikuwa nao. Kila muhula alisimama mlangoni mwa bwalo la chakula akiwanasa wasichana wapya. "Ni rahisi," aliwaambia. "Ni kama kutembea kwenye sakafu iliyopigwa deki." Walikuja kumi, wakati mwingine kumi na watano. Waling'ang'ania ukuta wa uwanja, wakamtazama Kerubo aliyesimama golini wima kama mlingoti, wakaamua kwamba mchezo huu una watu wake. Jumamosi iliyofuata hakurudi hata mmoja. Kerubo alisema wasichana wa siku hizi ni laini.

Jambo ambalo hakulisema ni kwamba yeye mwenyewe hakuweza kuteleza hatua nne. Alichagua ukipa kwa sababu goli lina mwamba, na mwamba haukimbii. Alifika mapema kabla ya wenzake, akajisukuma hadi golini akiegemea kiti cha plastiki, kisha akakipiga teke kikateleza hadi ukutani. Alitoka wa mwisho, akatambaa hadi kwenye kiti na kujisukuma nacho hivyohivyo, wenzake wakiwa wameshaenda kubadilisha nguo.

Mwaka ukaenda hivyo. Ndipo Bwana Sirma wa ofisi ya michezo akatuma barua: Jumamosi ijayo ikipita bila saini za wachezaji kumi, saa yao ya barafu itapewa wavulana, ambao tayari walikuwa na saa tatu.

Jumamosi hiyo walikuja wageni tisa. Wote waliganda ukutani. Nusu saa ikaisha, na karatasi ya saini pale kwenye benchi ilikuwa na majina yaleyale sita.

"Achieni ukuta," Kerubo akawapazia sauti kutoka golini. "Mwili utajua wenyewe."

"Wa kwako ulijua lini?" akauliza Jerotich, mmoja wa wale wageni, mrusha tufe mwenye mabega mapana. "Tangu tufike umekumbatia hicho chuma kama unakinyonyesha."

Wageni wakacheka. Wale watano wa zamani hawakucheka. Walimtazama kapteni wao, na Kerubo akaona kwamba swali hilo walikuwa nalo kitambo. Jibu la mzaha lilikuwa tayari ulimini. Akaitazama ile karatasi, akalimeza.

Akaachia mwamba.

Hatua tatu zilimvumilia. Ya nne ikamwangusha chali, kofia ikagonga barafu, gongo likaenda zake. Akainuka, akaanguka kwa magoti. Akainuka tena. Alipofika katikati ya uwanja alikuwa ameanguka mara tano, na hapo akaketi, pumzi juu juu.

"Sijui kuteleza," akasema. "Mwaka mzima nimewadanganya. Lakini saa hii siitoi."

Kisha Jerotich akasema, "Kumbe hata wewe," akauacha ukuta, akapiga hatua mbili na kutua kwa kishindo. Wengine wakafuata, wakianguka na kuitana majina. Saa ilipokwisha, saba kati ya tisa walitia saini kwa vidole vilivyokufa ganzi, na barua ya Bwana Sirma ikapata jibu lake.

Na tangu siku hiyo, ingawa timu sasa ina wasichana arobaini na kikosi cha akiba, siku ya wageni kapteni huingia barafuni kabla ya mtu yeyote, huteleza hadi katikati, na huanguka mbele ya wote. Akianguka kwa madoido, wakongwe humrudisha ukutani aanze upya, mara mbili, mara tatu, mpaka aanguke kwa kweli na uso umkunjamane. Hapo ndipo wageni huachia ukuta.