Kisutu Juu ya Boriti

Hapo zamani, na anayetaka kunikatiza aondoke sasa hivi, binti wa Bi Zafarani alikuwa anaolewa, na harusi ikakwama kwa sababu ya nguo. Kisutu, ile kanga ya bibi harusi, kilivutwa kwa kamba hadi juu ya boriti ya banda la jikoni, kifukizwe udi. Kamba ikakatika, kisutu kikabaki huko huko. Wakajaribu ufito, haukufika. Ngazi imeazimwa na jirani, haijarudi. Bila kisutu bibi harusi hatoki chumbani, na wazee wa bwana harusi wako mlangoni wanasema, "Ikiadhiniwa alasiri hajatoka, sisi tunarudi kwetu."

Bi Zafarani akalia machozi ya kweli. "Atakayekishusha, nampa kitambi cha hariri, nguo nzima ya kujifunga!"

Watu wakatazama juu. Kutazama juu hakushushi nguo.

Chini ya boriti ile palikuwa na sufuria kubwa ya pilau. Mpishi wake alikuwa Mwanakombo, ambaye kwake kuni hazitoshi kamwe. Mdogo wake, Mize, alikuwa ameziba mfuniko kwa unga uliokandwa, mvuke usitoke. Mfuniko ukawa bado unachezacheza, wakamwita binamu yao Makame, mtu wa tumbo, aukalie. Makame akatandika magunia, akakaa.

Mwanakombo akachochea, Mize akaziba, Makame akakaa. Mvuke ukazidi joto, wala haukuona njia. Mwanakombo akachochea tena, Mize akaziba tena, Makame akasinzia.

Puu! Mfuniko ukaruka na mtu wake hadi kwenye boriti. Kwa hofu Makame akakamata cha kwanza alichokiona, akaanguka nacho juu ya mapumba ya mpunga. Kisutu! Vigelegele vikapigwa, na bibi harusi akatoka kabla ya adhana.

Sasa kitambi.

"Changu," akasema Mwanakombo. "Mvuke hauna nguvu zake mwenyewe. Joto la kuni zangu ndilo lililomnyanyua Makame."

"Changu," akasema Mize. "Joto lako lingepita pembeni likaishia hewani, dada. Mimi ndiye niliyelizuia hadi likapata nguvu."

"Changu," akasema Makame. "Kwani mliruka nyinyi?"

"Wewe kitambi unacho tayari," Mize akamjibu, akimtazama tumbo.

Wakiwa katika kugombana, wageni wakaonja pilau. Mchele ukalia menoni, mbichi!

Bi Zafarani akashika kiuno. "Moto hauliwi mara mbili. Joto lililomrusha Makame ndilo lililokuwa la kuivisha pilau. Basi aliyefanya kazi ya kuleta kisutu ndiye aliyewalia wageni joto lao. Achukue kitambi chake, kisha akapike upya sufuria nzima, peke yake."

Wote watatu wakarudi nyuma hatua moja.

"Mimi nilitia kuni tu," akasema Mwanakombo.

"Mimi nilikanda unga tu," akasema Mize.

"Mimi nilikaa tu," akasema Makame, "tena nilikuwa nimelala."

Wageni wana njaa, na Bi Zafarani amesimama na hariri mkononi, hana wa kumpa. Nyinyi mliokuja hapa mmeshiba, nijibuni: je, nani alistahili kitambi, pamoja na sufuria yake?