Kifungo cha Juu

Hapo zamani, wala si zamani ya fisi kuposa binti wa watu, ni zamani hii ya karibu ambayo waliokuwapo bado wanaibishania, palikuwa na usharika katika milima ya Rungwe ulioitwa Itulike. Mvua ya huko haipigi hodi. Watu wake hulima ndizi, chai na viazi, na Jumapili hupanda mlima wakiifuata kengele.

Usharika huo ulikuwa na mwinjilisti, jina lake Tusekile Mwaisaka. Alijua kuhubiri. Alijua pia kusalimia, na huko kusalimia ni nusu ya kazi. Akikutana na mama mwenye mzigo wa majani, "Bwana asifiwe." Akikutana na mlevi anayetoka kilabuni, "Bwana asifiwe," na mlevi hujibu, "Amina, Mwinjilisti, ila usiniulize natoka wapi." Akikutana na mzee Anyosisye, mkuu wa wazee wa kanisa na mpiga kengele, alisema, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu."

Basi. Salamu ilikwisha hapo, kila mmoja akashika njia yake.

Nani angelalamika? Shikamoo ni heshima. Hakuna mtoto aliyewahi kuchapwa kwa kuamkia.

Sasa sikilizeni kilichokuwa chini ya shikamoo hiyo. Baba yake Tusekile alioa mke wa pili, kanisa likamtenga. Alipofariki, wazee waliketi wakaamua: hakuna mchungaji, hakuna kwaya, hakuna kengele. Tusekile wakati huo alikuwa msichana wa kwaya, sauti ya kwanza. Alisimama kwenye migomba karibu na kaburi, kinywa kimefungwa, macho yakiwa mlimani. Kwaya kutokuja alikuelewa. Mchungaji kutokuja alikuelewa. Kengele aliingoja. Kaka zake walishusha jeneza, wakafukia, wakasawazisha udongo, naye bado anangoja. Kamba ilikuwa mikononi mwa Anyosisye.

Kengele haikulia.

Miaka ikapita. Tusekile akasoma chuo cha Biblia, akarudi Itulike akiwa mwinjilisti. Akahubiri, akazika, akafariji, akapatanisha waliogombania mipaka ya mashamba. Kisha habari ikaja kutoka kwa askofu kwamba atabarikiwa kuwa mchungaji, na kina mama wakaanza kubishana juu ya vitenge vya siku hiyo.

Lakini Itulike kuna desturi mbili. Ya kwanza: Jumapili inayotangulia, mchungaji humsimamisha mteule mbele ya watu na kumwuliza, "Una neno juu ya mtu?" Akisema hana, safari inaendelea. Akisema analo, atangoja mpaka liishe, hata kama ni miaka.

Ya pili: siku ya kubarikiwa, vifungo vya joho mteule hujifunga mwenyewe, isipokuwa cha juu, kile cha shingoni. Hicho hufungwa na mtu mmoja tu, yule aliyemfikisha pale. Wala si heshima ya siku moja. Aliyekifunga ana ruhusa ya kubisha mlango wa mchungaji huyo maisha yake yote na kumwambia, "Hapa umepotea," na mchungaji hana ruhusa ya kutomfungulia.

Desturi ya pili haikumsumbua Tusekile. Ya kwanza ndiyo iliyomtoa chakula kinywani. Atasimamaje mhudumu wa Neno akiwa na neno lake la pembeni? Akisema hana, amedanganya madhabahuni. Akisema analo, Itulike nzima itajua ni juu ya nani kabla ya ndizi za mchana kuiva.

Akaenda kwa Mchungaji Lwitiko. Alimkuta nyuma ya kanisa anaosha vile vikombe vidogo vya Meza ya Bwana.

"Baba Mchungaji, nimekuja kukuambia kwamba naacha."

Mchungaji akamtupia kitambaa. "Futa hivyo vilivyooshwa. Ukiacha, utakuwa umeacha nini?"

Tusekile akafuta. Vikombe vikakauka, akaenda zake.

Wiki iliyofuata akarudi. "Baba Mchungaji, nina neno juu ya mtu."

"Lina ukubwa gani?"

"Sijui."

"Basi futa vikombe."

Vikombe vikakauka, akaenda zake.

Alirudi tena, na tena. Lwitiko alikuwa mhubiri wa kukesha. Mkimpa mstari mmoja anawarudisha nyumbani jioni. Lakini pale kwenye beseni aliuliza swali moja tu, kisha akafunga kinywa. Hakusema samehe. Lilimjia mpaka kwenye meno, akalimeza. Siku moja Tusekile akachoka.

"Mimi nakuja kuomba ushauri, wewe unanipa kitambaa."

"Siku ile," mchungaji akasema, "ulitaka afanye nini?"

Tusekile hakuwa amemtajia mtu wala siku. Tusekile akasimama na kikombe mkononi. Alidhani angetaja mengi: kwaya, baraza la wazee, mama yake kuaibishwa. Kinywa kikatoa moja.

"Apige kengele. Mara moja tu. Baba ajue kuna mtu amesikia kwamba ameondoka."

Hapo akalia. Mchungaji akaendelea kuosha. Vikombe vikakauka.

Sasa neno lilikuwa na jina. Lakini kulijua jina la mgeni si kumtoa nyumbani.

Alikuwapo Bupe, mke wa kaka yake Tusekile, kiongozi wa kwaya ya kina mama. Mawifi hawa walitaniana tangu siku ya harusi. Siku moja walikuwa wakimenya ndizi za shughuli ya kanisa. Mzee Anyosisye akapita. Tusekile akainuka kidogo. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, binti yangu." Mzee akaenda.

Bupe akamwinamia. "Wifi, ile shikamoo yako ni kavu kama muhogo wa juzi."

"Shikamoo ni heshima."

"Ni heshima ya kumpa mtu kiti nje ya nyumba. Sote unatuambia Bwana asifiwe, hata walevi. Yeye hujamwambia tangu urudi chuoni. Nimekusikiliza wifi, mimi ni mtu wa kwaya, nasikia anayeruka ubeti."

"Unajua baba yangu alivyozikwa?"

"Najua. Nilipika chakula cha matanga. Walimnyima mzee Mwaisaka sauti ya kanisa. Na wewe unamnyima Anyosisye sauti hiyohiyo. Yeye kwa kamba, wewe kwa kinywa. Nani kamfundisha mwenzake?"

Tusekile akatua kisu, akafuta mikono, akaondoka. Hakusema na Bupe tena. Mazoezi ya kwaya aliacha kwenda. Bupe akawa anapeleka maziwa mlangoni kwa wifi yake kila asubuhi, anabisha, anaweka chini, anaondoka. Maziwa yalipokelewa. Salamu haikurudi. Wenzake wakamwambia, "Umempoteza wifi kwa sababu ya mdomo." Naye akasema, "Mdomo ni wangu, na wifi ni wangu."

Lakini neno la Bupe lilikuwa limeingia. Jumapili ya Meza ya Bwana ikafika. Tusekile, kama kawaida, alishika sinia ya vikombe nyuma ya mchungaji. Safari hii alitazama benchi la wazee. Wazee waliinuka, wakaja, wakapiga magoti. Anyosisye hakuinuka. Akakumbuka Meza iliyopita: hakuinuka. Na ile ya kabla yake. Tangu siku aliyoanza kushika sinia, mkuu wa wazee hakuwa amekunywa.

Watu walijua, yeye peke yake ndiye asiyekuwa ametazama. Walikwisha kupata na sababu. Mtu asiyekwenda Mezani ana jambo, na walisema mzee Anyosisye ameweka mke wa pili ng'ambo ya mto. Mzee aliyasikia hayo akapiga kengele kama kawaida.

Siku iliyofuata Tusekile akashuka hadi nyumbani kwake. Alimkuta anamkatia ng'ombe majani ya migomba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu."

Hapo ndipo salamu yao ilipokwisha siku zote. Tusekile hakuondoka.

"Mzee, mbona huji Mezani?"

Akaendelea kukata. "Sinia unaishika wewe. Nikija, utanipa mkono unatoa na moyo unakataa, halafu utakwenda kunywa na wewe ukiwa na hatia. Nikaona afadhali nishinde na njaa mimi."

"Watu wanasema umeoa."

"Kwa magoti haya?" Akacheka, kisha akaacha. "Nimewaachia waseme. Mzee Mwaisaka naye walisema."

"Kwa nini hukuja kuniomba radhi?"

Mzee akaweka panga chini. "Ningekuja, ungenisamehe kwa sababu wewe ni mwinjilisti. Ndiyo kazi yako, ungefanyaje? Mimi nilitaka kusamehewa na binti Mwaisaka. Huyo sikujua atakuja lini. Nikamngoja." Akaitazama mikono yake. "Siku ile kamba niliishika, mama. Tangu mlipotoka nyumbani na jeneza mpaka mlipomaliza. Niliishika. Niliwaogopa wenzangu, sikuvuta."

Ng'ombe akanyoosha shingo akajivutia jani mwenyewe. Tusekile akamtazama ng'ombe kwa muda, maana kumtazama mzee hakuweza.

"Bwana asifiwe, mzee," akasema.

Anyosisye akaketi juu ya majani aliyoyakata.

"Amina," akasema.

Kutoka hapo Tusekile akapita kwa Bupe. Hakumpa maelezo. Alimpa vibuyu vitupu vya maziwa vilivyorundikana. Bupe akavipokea, akasema, "Vimeoshwa vibaya," na wakaingia ndani wote wawili.

Jumapili ya swali ikafika. Mchungaji Lwitiko akauliza, "Tusekile, una neno juu ya mtu?"

"Nilikuwa nalo," akasema. "Limekwisha."

Siku hiyo mzee Anyosisye aliinuka, akaenda Mezani, akapokea kikombe kutoka kwenye sinia ya Tusekile. Habari za mke wa ng'ambo ya mto zikafa palepale, ingawa wapo walioona ni hasara.

Sasa ndipo shida yenyewe ilipoanza. Kifungo cha juu afunge nani?

Baraza likaketi. Bupe hakungoja kuitwa.

"Kifungo ni changu. Mchungaji alijua akanyamaza. Mzee alijua akanyamaza. Mngeachiwa ninyi wawili, wifi yangu angefika madhabahuni na shikamoo yake kavu mkononi. Mimi nilisema, na nilijua nitamkosa. Kifungo hiki ni cha kumwambia mchungaji kwamba amepotea. Nani hapa amewahi kumwambia?"

"Lakini ulimwambia mbele ya wanawake wanaomenya ndizi," mzee mmoja akasema.

"Nilinong'ona."

"Wewe Bupe ukinong'ona, mbuzi wanageuka."

Watu wakacheka, hata Bupe. Mchungaji Lwitiko akasema yake.

"Bupe alimwonyesha kidonda, simnyimi. Lakini angemwonyesha kabla hakijapata jina, Tusekile angekifunika zaidi. Nilikaa naye mpaka akakitaja kwa kinywa chake. Ningemwambia samehe, angesamehe kwa amri, na amri hukaa juu ya ngozi. Mnadhani ni kazi ndogo kwa mtu kama mimi kunyamaza?"

"Hiyo ni kubwa, Baba Mchungaji," Bupe akasema, "tunakujua. Ila angeacha kazi je, wewe ukiwa bado unaosha vikombe?"

"Hilo liliniogopesha kila wiki," mchungaji akasema. "Bado nikaosha."

Wakamgeukia Anyosisye. Yeye akasema, "Neno lilikuwa langu, mimi ndiye niliyemtia. Mtu hadai ujira wa kutoa mwiba alioupanda."

"Hakika," Bupe akasema. "Mtu akuchome, akae kando akingoja upone, halafu apewe zawadi ya subira?"

Lakini mzee wa pili akasema, "Swali la mchungaji lilimfikisha mlangoni, na maneno yako Bupe yalimsukuma. Aliyemfungulia ni nani? Huyu alikaa na njaa asimtie binti yule hatiani. Alikubali kusingiziwa kosa lilelile alilomhukumia mzee Mwaisaka. Nani kati yenu alilipa hivyo?"

Bupe akamtazama mzee Anyosisye.

"Mimi siombi," Anyosisye akasema. "Ila mkinipa sitakataa. Wimbo wa siku ile ulikwama kwenye shingo yake kwa sababu yangu. Ningependa mkono wangu uiguse mara moja kwa wema."

Wakashindwana. Wakamwambia Tusekile achague mwenyewe, maana shingo ni yake. Akasema watamjua siku yenyewe.

Siku yenyewe ikafika. Kengele ikalia mpaka mlio wa ng'ombe ukakoma mabondeni. Mzee Anyosisye akaiacha kamba, akaingia na kuketi mbele. Tusekile akasimama katika joho jipya, akafunga vifungo kuanzia chini. Alipofika cha juu akashusha mikono. Kwaya ikamaliza ubeti wa mwisho, Bupe akiwa ameuongoza bila kuondoa macho kwake. Mchungaji Lwitiko alisimama kuliani kwake, mikono nyuma. Askofu akangoja.

Alimtazama aliyemwuliza. Alimtazama aliyemwambia. Alimtazama aliyemngoja. Alijua kwamba mmoja wao atabisha mlango wake mpaka uzeeni, na kwamba iko siku atamhitaji huyo kuliko chakula. Akainua kidevu, akaita jina moja.

Itulike wanalijua jina hilo, na mpaka leo nusu yao wanasema alikosea. Mimi nalihifadhi. Ninyi mliosikia yote, ambao mna shingo zenu na maneno yenu, niambieni: ingekuwa ni ninyi mliosimama pale, mngeita jina la nani? Nani hasa alistahili kufunga kifungo cha juu?