Ufunguo wa Chumba cha Mbele

Hapo zamani, wala si ile zamani ya fisi kuvaa kanzu, hapana, zamani ya juzi tu, mkaa ulipoanza kuuzwa kwa kopo kama sukari, palikuwa na nyumba mtaa wa Mnazi Mkavu. Vyumba sita, ukumbi katikati, jiko na choo uani. Mwenye nyumba ni Bi Mashavu, mjane, mama wa kujaa mlango, akicheka kuku wanaruka ukuta.

Nyumba za namna hiyo hazina siri, nyie mnazijua. Mmoja akikaanga dagaa, nyumba nzima imekaanga. Mmoja akikosa, anachemsha maji matupu na kugonga mwiko kwenye sufuria ili wenzake wasikie kunapikwa. Na wenzake wanasikia, wanajua ni maji, na wanamwambia, "Mm, leo kunanukia kwako!" Ndiyo adabu ya mjini hiyo.

Basi humo alikaa Mwantumu, muuza vitumbua. Mwembamba, mdomo anao, mikono haitulii. Akishatoa mchele, nazi na mafuta, mkononi inabaki elfu nne kwa siku. Siku mbaya elfu mbili na kisirani. Lakini elfu nne ya Mwantumu, lo! Kama mpira wa bukta, vuta inavutika. Kodi imo. Madaftari ya mtoto yamo. Mchezo wa kina mama umo. Na bado ndani ya pipa la mchele kulikuwa na kopo la maziwa ya unga, na ndani ya kopo mtaji wa masika.

Masika ndiyo adui wa Mwantumu. Mwaka wa nyuma mvua ilimkuta uani, jiko likazama kwenye tope, miezi miwili hakukaanga hata kimoja, akala mtaji mpaka akafika chini ya kopo. Siku anaokota ile sarafu ya mwisho alijiapiza: "Mvua hainikuti tena uani. Ikinikuta, basi na vitumbua nimeacha."

Na dawa yake alikuwa ameshaiona. Chumba cha mbele! Kina mlango wake wenyewe wa kutokea barazani, juu kipenu cha bati, barabara hiyo, wanafunzi hao wanapita. Fundi cherehani aliyekuwamo amehama. Mwantumu kila akipita anakipima kwa macho: jiko hapa, beseni pale, na yeye mwenyewe hapa katikati, mkavu.

Tatizo, hakuwa peke yake mwenye macho.

Kulikuwa na Bwana Semboja, karani wa ofisi ya mkonge. Mshahara laki sita kwa mwezi. Laki sita! Ukiitaja tu mdomo unajaa. Suruali yake ina mkunjo wa kukatia nyanya. Sasa hiyo laki sita inaingia tarehe ishirini na nane, na ikifika tarehe kumi na mbili hata harufu huisikii. Si mlevi, masikini. Ila kwenye vyumba vyake viwili wanalala watu kumi na mmoja: mke, watoto, shemeji wawili, watoto wa marehemu kaka yake, shangazi aliyekuja kutibiwa jicho mwaka juzi na jicho limepona lakini shangazi hajapona safari. Na mama yake mzazi analala ukumbini, kichwa kando ya viatu vya watu. Bwana Semboja chumba cha mbele anakitaka kwa ajili ya mama.

Na kulikuwa na Kitwana. Huyu analala stoo, ubavuni mwa choo. Ukimuuliza, "Kitwana, unafanya kazi gani?" anakwambia, "Nipo." Mshahara? "Namshukuru Mungu." Ana kaptula moja na shati la sikukuu, lakini kakonda? Hakukonda! Ameng'aa kama sufuria ya harusi. Asubuhi huku, mchana kule, jioni anachungulia kwenye jiko la mtu: "Hodi, naona leo mmezidisha nazi." Kazi yake moja tu, hakosi msiba. Kuosha maiti, kuchimba kaburi, kubeba jeneza, yumo. Na yeye chumba cha mbele anakitaka. Kisa? "Nimechoka kusalimiana na kila mwenye tumbo la kuharisha."

Sasa sikilizeni.

Bi Mashavu akaenda Korogwe kwenye harusi ya mpwa wake, ufunguo wa chumba cha mbele kaufunga pindoni mwa kanga. Siku ya tatu ukaja upepo, nyie, upepo wa kunyanyua mtu na nia yake. Ukalibandua paa la nyuma lote, mabati yakaruka kama makaratasi, mengine yakaonekana mtaa wa tatu yamepigiwa banda la mbuzi. Vyumba vya Semboja, juu mbingu. Chumba cha Mwantumu, juu mbingu. Stoo ya Kitwana, juu mbingu, na choo nacho, aibu tupu.

Wakampigia simu Bi Mashavu. Kilichosikika ni ngoma na vigelegele. "Bi Mashavu, nyumba imeezuka!"

"Sisikii! Mtanieleza nikirudi!"

Na wingu jeusi limekaa pale juu linawaangalia.

Ilikuwa tarehe kumi na nne. Bwana Semboja mfukoni ana kitambaa cha kufutia jasho. Lakini akavaa ile suruali, akaenda duka la vifaa vya ujenzi, akasema jina lake na la ofisi yake, akatoka na mabati ishirini kwa mkopo wa miezi minane. Tena hakuchukua bati la kawaida, kachukua msauzi, lile la rangi la wenye nazo, jekundu! Angechukuaje bati jeupe mtu wa laki sita, watu wanamwona?

Bati bila mbao na misumari ni sinia. Mwantumu akaingia chumbani, akazamisha mkono kwenye pipa la mchele mpaka begani, akatoka na kopo. Laki moja na themanini, mwaka mzima wa kujinyima. Akalishika. Akalitazama wingu. Akatazama madaftari ya mtoto yaliyolowa umande. Akatoa zote: mbao, misumari, mkokoteni. Kopo likabaki na harufu ya maziwa.

Bado mafundi. Mafundi wakitajiwa kazi ya dharura wanataja bei ya dharura. Kitwana akasema, "Ngojeni," akatoka na kaptula yake. Hajamaliza nusu saa karudi na mafundi wawili, ndugu, nyundo mkononi. Bei? Hawakuitaja. Maana Kitwana ndiye aliyemuosha baba yao mwaka ule wa kipindupindu, majirani walipofunga milango. Wakapanda juu, wakapiga misumari mpaka magharibi, wakashuka, wakanywa maji, wakaenda.

Mvua ikaja, ya wingu lile tu, masika yenyewe bado. Haikuingia hata tone.

Bi Mashavu aliporudi, akaiona nyumba yake kutoka mbali: mbele bati lenye kutu, nyuma jekundu linawaka. Akakaa chini barabarani, akacheka mpaka akashika mbavu. "Nyumba yangu imekuwa bibi kizee kavaa wigi kisogoni!" Halafu alipoelezwa yote, akajifuta macho kwa kanga.

"Wanangu," akasema, "pesa ya kuwarudishia sina. Harusini nimetunza mpaka mkoba umegeuka nje ndani. Nilicho nacho ni chumba cha mbele. Mwaka mzima, bila kodi."

Wote watatu wakasema, "Ahsante!" kwa mpigo, kisha wakatazamana.

"Khaa! Chumba kimoja, siwezi kuwalaza watatu, mtaa utasema nini? Kaeni hapa kila mtu ajisemee. Nampa yule ambaye kipato chake kimefika mbali kuliko cha wenzake."

Mkeka ukatandikwa ukumbini. Ufunguo ukawekwa katikati. Nyumba nzima ikajaa milangoni, mpaka shangazi wa jicho akatoka, akaonekana anaona vizuri sana.

Bwana Semboja akaanza, akajikohoza kiofisi. "Bi Mashavu, mabati ndiyo paa. Bila jina langu dukani, mngelala na nyota. Miezi minane nitakatwa. Na kipato changu kimefika mbali, kinalisha watu kumi na mmoja, na kwa ndugu Handeni napeleka. Kipato cha nani hapa kinafika Handeni?"

"Kinafika Handeni, tarehe kumi na tatu hakifiki!" Mwantumu huyo, hakungoja zamu. Watu wakaangua kicheko. "Bi Mashavu, huyu katoa jina. Jina lina nini? Mimi nimetoa pesa. Elfu nne kwa siku, nimekula mihogo mikavu nikaziweka, na zote zimekwenda juu ya paa lako. Sasa masika hii inaingia, mtaji sina, pa kukaangia sina. Kaelfu nne kangu kamefika mbali kuliko laki sita ya mtu, maana laki sita ilikuwa imekufa na kuzikwa siku ile, kangu kalikuwa hai ndani ya mchele!"

"Kalikuwa hai kwa mkaa wangu!"

Hiyo sauti ilitoka mlangoni. Mama Saumu, mkewe Semboja, mikono kiunoni. "Semeni mume wangu hajui kutumia! Kila alfajiri huyu anakuja na kifuu: 'Shoga, kaa moja tu la kuwashia.' Kaa moja! Anarudi mara tatu, anachagua yale makubwa! Gunia la mkaa kwangu siku kumi na nane limekwisha. Lake la mwaka jana bado mdomo umeshonwa!"

Lo! Kila mtu akageuka kulitazama gunia la Mwantumu. Kweli, mshono wa shamba uko vilevile.

Mwantumu uso ukamchoma, lakini mdomo haukumsaliti. "Ehe! Na wewe sema basi nani anawalisha kuanzia tarehe kumi na mbili. Vitumbua ishirini kila asubuhi, 'Shoga, andika.' Nimeandika mpaka kalamu imeisha! Huo mshahara unaojivunia nusu ya mwezi nausukuma mimi!"

Bwana Semboja akautazama mkunjo wa suruali yake. Mama Saumu akamtazama kuku.

Ndipo Kitwana akajikuna, akasema taratibu, "Mimi sina mengi."

"Huna chochote!" wakamwambia Semboja na Mwantumu kwa pamoja, wamekuwa ndugu ghafla.

"Ndiyo, sina. Sasa yule mwenye laki sita katoa mkopo, mwenye elfu nne katoa akiba, na mimi nisiye na hata mia nimetoa mafundi wawili kutwa nzima. Hebu pigeni hesabu, nani katoa kingi kutoka kidogo? Mimi mshahara wangu hauna tarehe. Nimeuweka kwa watu."

"Umeuweka tumboni!" Mwantumu akasema. "Wali wangu, samaki wa Mama Saumu, uji wa Bi Mashavu! Una meno thelathini na mawili, yote yanafanya kazi, wewe mwenyewe ndiyo huna!"

Watu wakacheka, na Kitwana akacheka kuliko wote. Halafu akasema, "Dada Mwantumu, msiba wa kwa Mzee Mbelwa, vitumbua mia tatu nani alikwambia upeleke? Na arobaini ya kina Shemdoe? Kila matanga nikikaa nasema, 'Kuna dada kwetu, kitumbua chake ukikitafuna marehemu anasamehewa.' Hilo kopo lako nusu yake nimeiokota makaburini. Na Kaka Semboja, baba yako alipofariki, kaburi nani alichimba? Ungelipia, ungekatwa mpaka leo."

 

Bi Mashavu akaguna. Akamtazama huyu, akamtazama yule, akafuta jasho la kidevu cha kwanza na cha pili. "Wanangu, mmenichanganya. Nimeingia hapa nina jibu, sasa sina. Mnaniambia kipato cha huyu kinakula kwa yule, cha yule kinaota moto kwa huyu, na asiye nacho kawabeba wote na wote wamembeba. Basi mimi siuinui huo ufunguo. Anayejijua ni wake, auchukue mwenyewe mbele za watu."

Mwantumu ndiye aliyekuwa karibu nao. Mkono ukaondoka wenyewe, nyie, kama mkono wa mtu mwenye njaa. Akaliona lile baraza, kavu, mafuta yanachemka, watoto wa shule wamepanga foleni. Vidole vikafika pembeni mwa mkeka. Hapo akamwona yule mama mzee wa Semboja, amekaa kando ya viatu, amekumbatia mto wake. Akamwona Kitwana, anatabasamu tu, amekuja na harufu ya stoo yake. Na akakumbuka: kesho alfajiri atakwenda na kifuu chake kwa nani?

Lakini mkono nao haukurudi.

Na juu ya lile bati jekundu ambalo halijalipiwa, lililopigwa misumari ya mtaji wa mtu kwa nyundo zisizolipwa, tone la kwanza la masika likadondoka, ta! Likafuata la pili.

Haya, nyie mliocheka mpaka mkamwaga chai, sasa msinitazame usoni. Mmoja ana jina na matumbo kumi na moja. Mmoja ana akiba na kifuu cha kuombea moto. Mmoja hana kitu, na hakuna asiyemjua. Ufunguo uko mkekani, mvua imeanza, Mwantumu kanyoosha mkono. Semeni wenyewe, na msemee hapa hapa kabla chai haijapoa: je, nani alistahili kuuokota?