Jina Moja kwenye Madigadi

Nyie mnaojiita wenye akili, sogeeni hapa. Kesi hii imewashinda wanaume watatu wazima, na wala sishangai.

Pale Tabora palikuwa na fundi Maganga, aliyekuwa na jicho. Akitazama chuma mara moja anajua kimepinda wapi, ingawa vifungo vya shati lake mwenyewe alivikosea kila siku. Palikuwa na fundi mwenzake Shija, aliyekuwa na uzi wa kupimia. Alipima kila kitu, hadi vipande vya nyama kwenye sahani za wageni. Na palikuwa na Mama Mbuke, aliyekuwa na mgongo mbovu.

Mgongo huo uliharibiwa na mumewe, Mzee Mihayo. Mzee alikuwa na pikipiki kubwa, ile ya kukaa chini na kunyoosha miguu mbele, utadhani mtu yuko kwa kinyozi. Ilimeta kila mahali, ila shokapu za nyuma, zile springi za kumeza mashimo, zilikuwa zimekufa siku nyingi. Safari ya mwisho kwa binti yao Mbuke, huko ndani ya Urambo ambako basi halifiki, Mama Mbuke alirudi akalala kitandani wiki nzima.

"Umelegea tu, Mama Mbuke," mzee alimwambia, yeye aliyekalia sponji nene kule mbele. Mwanamume hovyo!

Sasa Mbuke kajifungua mtoto wa kwanza. Nani wa kumkanda binti na kumwogesha mjukuu kama si bibi? Mama Mbuke alitaka kufika hata kesho. Lakini daktari alishamwonya kwamba akirushwarushwa tena vile, huenda asiinuke.

Ndani kulikuwa na laki moja, basi. Mzee akaikimbiza dukani kwenye shokapu mpya nyekundu, eti zinaendana na tangi. Mama Mbuke akazibonyeza, zikalia kwii kama bawaba ya choo.

"Nunua, baba, uzivae shingoni," alisema, akatoka nje.

Mzee akaona aibu, akaziacha, akatafuta msaada. Akatangaza kwamba atakayemfikisha Mama Mbuke salama, jina lake litaandikwa kwenye madigadi ya nyuma. Fundi wa maandishi akaanza papo hapo: KWA HISANI YA. Nafasi ikabaki ya jina moja.

Maganga akaingia kwenye lundo la spea za mtumba. Kulikuwa na jozi mbili tu za bei ile. Moja iling'aa, na mzee akaikumbatia. Maganga akaona mstari wa mafuta, mwembamba kuliko unywele, pembeni mwa ufito wake wa chuma. "Hiyo maiti, mzee. Iweke chini." Akachukua ile nyingine, chafu na imechubuka, lakini fito zake zimenyooka na kavu kabisa.

Shija akatoa uzi. Shokapu zile zilitoka kwenye pikipiki ya aina nyingine. Urefu ulikubali, lakini matundu yake yalikuwa mapana kuliko boliti. Mzee akashauri wafunge na mpira wa ndala. Wa ndala! Shija akapima, akachonga bushi nne za chuma, vipete vya kujaza matundu, zikaingia bila kucheza hata kidogo.

Wakafunga. Kisha wakafanya wanavyofanya mafundi wote: wakabonyeza kiti kwa mkono. "Safi!" wakasema wote watatu.

Mama Mbuke akawatazama kuanzia viatu mpaka kofia. "Kwani mkono ndio unaokwenda Urambo?"

Akapanda nyuma na furushi lake la unga wa uji na sufuria, akamwamuru mumewe avuke reli. Kwaruu! Tairi likagusa madigadi. Akashuka anauma meno. "Kazeni." Shija akazungusha pete za springi kwa spana, vidato viwili. Wakavuka tena, Mama Mbuke akarushwa juu kama karanga kikaangoni, machozi yakamtoka. "Rudisha kimoja." Mara ya tatu walivuka kimya. Akashusha pumzi. "Hapo hapo. Asiguse mtu."

Akafika Urambo ameketi wima. Akamwogesha mjukuu siku arobaini, na akarudi vilevile, anatembea.

Fundi wa maandishi alikuwa akingoja na brashi.

"Bila jicho langu angepanda maiti," alisema Maganga.

"Bila uzi wangu jicho lako lingebaki limebeba vyuma," alisema Shija.

"Na bila mgongo wangu?" aliuliza Mama Mbuke. "Nyie si mlishasema safi?"

Mzee Mihayo akacheka. "Mama Mbuke, kuumwa nako ni ufundi?"

Mama Mbuke hakucheka. Alichukua spana ya Shija, akaiweka kwenye kiganja cha mumewe.

"Basi zizungushe hizo pete upendavyo. Jumamosi tunarudi Urambo kumpeleka mjukuu kliniki, naendesha mimi. Utakaa nyuma wewe."

Mzee akaitazama spana, akazitazama springi. Hakuthubutu kugusa kitu. Lakini jina hakulitamka pia, mwoga yule, na rangi inaanza kukauka kwenye brashi.

Haya, nyie wenye akili. Ondoa jicho, hafiki. Ondoa uzi, hafiki. Ondoa mgongo, hafiki. Madigadi ni moja na nafasi ni moja. Je, brashi ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani?