Atakayeonwa Kwanza na Bi Mwanamvua

Kaeni vizuri. Hadithi hii ina mtego, na atakayenaswa asinilaumu.

Bi Mwanamvua wa Muheza alikuwa na watoto watatu na jicho moja. La kulia lilikufa zamani. La kushoto lilizibwa na mtoto wa jicho, hata wanawe akawa anawajua kwa sauti. Madaktari wa upasuaji walifika mara moja kwa mwaka, siku moja tu. Akiikosa, ni mwaka mzima gizani.

Chausiku, binti mkubwa, kipaji chake ni kuandika. Mambo yote ya mama aliyaweka kwenye kompyuta, katika faili la maandishi matupu, lisilo na rangi wala jedwali. Kila jambo na mstari wake: dawa, kliniki, hata siku ya kusukwa nywele.

Mbaruku, wa pili, yuko Dodoma, na kipaji chake ni mashine. Alitunga programu ya kuhamisha mistari ya dada yake hadi kwenye kalenda ya mtandaoni, wote wakaisoma kwenye simu. Dada huhesabu saa tangu kukicha, kama sisi sote. Kalenda huhesabu tangu usiku wa manane. Basi programu iliongeza sita kila mara. Wenzake kazini walimshauri akate maneno ya ziada, kalenda yataka kichwa cha jambo tu. Akakataa.

"Dada akiandika neno, ana sababu."

Hemedi, kitinda mimba, ni dereva wa bajaji. Kipaji chake ni kushuku. Huyo ukimwambia kumekucha, atachungulia dirishani kwanza.

Siku ikapangwa. Kadi ya hospitali ilisema 8:00, yaani saa mbili asubuhi. Chausiku, aliyezoea kuandika saa zetu, safari hii alinakili kadi ilivyo: "8:00, jicho la mama. Asile wala asinywe tangu usiku." Programu ikaongeza sita kama ilivyofunzwa, kalenda ikatoa saa nane mchana.

Hemedi akasoma hadi mwisho. Bibi wa miaka sabini na mbili akae na njaa hadi saa nane? Haikumwingia akilini. Saa moja asubuhi bajaji ilikuwa mlangoni.

"Mbona mapema, baba?" akauliza Bi Mwanamvua.

"Panda tu, mama. Tukikosea, tutakaa benchi."

Walipofika, jina lake lilikuwa linaitwa. Saa sita madaktari walishafunga masanduku yao.

Akiwa kitandani na bandeji, kwa furaha Bi Mwanamvua akaropoka, "Aliyenipa jicho ndiye nitakayemtazama kwanza."

Lo, alichokoza nyuki. Kesho yake wote watatu walikuwapo, hata Mbaruku wa Dodoma.

"Nisingeandika asile, Hemedi angeshuku nini?" alisema Chausiku.

"Na ningeyakata maneno yako, angeyasoma wapi?" alisema Mbaruku.

"Nyinyi wawili mlimpangia saa nane," alisema Hemedi. "Mimi nilimpeleka saa mbili."

Bi Mwanamvua alijuta. Anawapenda sawasawa, lakini neno la mama likishatoka halirudi. Chausiku alisimama kulia, Mbaruku miguuni, Hemedi kushoto. Muuguzi akabandua bandeji.

"Fumbua, bibi."

"Ngoja kidogo, mwanangu," akasema, akazidi kulifumba.

Mpaka sasa amelifumba, na mwaka mzima alikuwa akiomba alifumbue. Haya, mliokaa hapa, msinitazame mimi. Mwambieni mama wa watu: amgeukie nani?